Kisiwa Kisichokuwa na Mtu Wetu

Tangu turudi kutoka Malta simu yangu haijapoa. Kila mmoja wenu anataka kujua ilikuwaje mama yangu, Bi Zuwena, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, mwenye goti la kutengenezwa hospitali, akaonekana kwenye video yuko katikati ya bahari ya Wazungu. Wengine mmeuliza kwa mapenzi, wengine kwa umbea, na nawajua nani ni nani. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome, nipumue. Habari za viza na tiketi sitazieleza, hazina utamu. Nitaanza pale safari ilipoanza kweli, yaani sebuleni kwa Mama.

Ibra, sebuleni

Kaka yangu Nasor ndiye mkubwa wetu. Anakaa Nizwa, ana kazi nzuri ya serikali, na tangu Baba afariki yeye ndiye anayeamua mambo yote ya nyumba yetu hapa Ibra, Omani, hata rangi ya geti. Anampenda Mama kupita kiasi, lakini mapenzi yake ni ya kumfunika mtu blanketi mpaka akose pumzi. Mama alipopona goti, Nasor alisema lazima atolewe akapunge hewa, na Ijumaa moja akaja na mkewe tupange.

"Mama, nakupeleka Jebel Akhdar," akasema. "Kuna hoteli iko ukingoni kabisa mwa mlima. Unakaa tu kwenye baraza, baridi inakupiga, unaangalia makomamanga."

"Nikishayaangalia?" Mama akauliza.

"Unakunywa kahawa."

"Kahawa ninayo hapa."

Nasor akataja Salala. Mkewe akataja Unguja, akidhani amepatia. Mama akatikisa kichwa. Unguja kwake si matembezi, ni kazi. Ukifika lazima uende kwa fulani, ukimruka fulani mwingine anakununia, kisha makaburini, kisha mnalia, kisha mnarudi mmechoka kuliko mlivyokwenda.

"Basi Sur," nikasema mimi. "Bahari ipo, na Mama Mdogo Thuraya yupo, tutafikia kwake."

Mama alinitupia jicho nikanyamaza. Nasor na mkewe walipoondoka akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Asya, mie n'nataka kuogelea."

Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini.

"Baharini, si bafuni. Nilipokuwa msichana Unguja, marehemu dada yangu akinichukua asubuhi, tunaogelea mpaka nyumba za pwani tunaziona ndogo. Tangu tuje huku sijaingia maji hata siku moja. N'nataka niingie tena kabla sijafa. Lakini Sur siwezi. Sur wananijua mpaka mbuzi. Nikitia mguu tu, kabla ya Magharibi Nasor keshapigiwa simu Nizwa, ati mama yako anaoga na watalii. Mwanangu ana heshima yake, sitaki kumuaibisha. Nitafutie kisiwa kisichokuwa na mtu wetu."

Nawaambieni kweli, kichwa kilinivimba. Watoto wake wote, wasomi na wenye vyeo, na siri hii kanipa mimi. Nikaapa kuwa safari hii nitaipanga mwenyewe na nitaipanga isivuje hata tone.

Njia yangu niliiona ya kijanja sana. Nilikuwa nachukua visiwa vya Bahari ya Mediterania kimoja kimoja, halafu nawauliza watu wetu kwa mbali: kuna aliyepata kwenda? Kupro, ndiyo, mtoto wa jirani amesoma kule. Sisili, binamu yetu alikwenda fungate. Krete, kuna daktari wetu mmoja wa Izki kila mwaka yuko huko na watoto. Niliuliza ofisini, niliuliza darsani, niliuliza kwenye kundi la ukoo kwenye simu, nikampigia Mama Mdogo Thuraya huko Sur, na sikumwacha hata mshonaji wangu wa abaya. Malta? Hakuna. Mmoja aliniuliza Malta ni duka gani. Nikaenda kwa Mama kifua mbele.

"Malta, Mama. Malta hatuna mtu."

Nasor tulimwambia tunakwenda kuangalia ngome na kuta za kale, na hilo si uongo, ngome zipo. Akauliza kwani ngome ya Nizwa imekwenda wapi. Lakini Mama alikuwa amekwisha sema anakwenda, na Nasor hajawahi kumkatalia Mama kitu moja kwa moja, humzungushia masharti tu. Masharti yake yalikuwa kiti cha magurudumu kila uwanja wa ndege, viatu visivyoteleza, na mtu asimpeleke Mama karibu na maji.

Ibra mpaka Bidbid

Tuliondoka Ibra na gari la shemeji yangu, masanduku nyuma, Mama mbele na thamosi yake ya kahawa mapajani. Nasor alikuwa anatungojea Bidbid, pale barabara yetu inapokutana na ile ya Nizwa, kwenye kituo cha petroli chenye mkahawa wa chai ya karak. Nilidhani atatuaga tu. Kumbe amekuja na buti imejaa: halua ya Nizwa, katoni ya tende, makomamanga, na mfuko wa mkate mwembamba wa rakhal uliokauka vizuri, kana kwamba Malta hawali.

"Fungua sanduku, Asya, nipange mwenyewe," akasema. "Wewe hujui kupanga."

Sanduku la Mama lilikuwa na nguo ya kuogelea chini kabisa. Niliinunua Maskati kwa siri, nguo ya stara, imefunika mwili wote mpaka kichwa, lakini ukiiona tu unajua ni ya nini. Nasor alishaanza kuvuta zipu. Mama akashuka garini taratibu, akaja, akakaa juu ya sanduku.

"Goti limenishika," akasema. "Wacha nipumzike kidogo."

Basi Nasor akahangaika na goti, maji, mto wa kuegemea, na halua ikaingia kwenye sanduku langu. Tulikunywa karak, tukaongezewa nyingine, na muda ukayoyoma. Kila nikitazama saa Nasor anasema bado mapema. Wakati wa kuagana akambusu Mama mkono na kichwa, kisha akanivuta pembeni.

"Mama amana yako. Maji hapana. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, na kweli nilikuwa nimesikia.

Uwanja wa kubadilishia ndege

Maskati kiti cha magurudumu kilikuwa kinatungoja, na kijana wa kukisukuma. Mama alikizunguka, akakikagua, akaweka juu yake mikoba yake, mikoba yangu na katoni ya tende, akamwambia kijana, "Yallah, twende," akatangulia kwa miguu. Nilimfuata nyuma nikiwa nimejaa fahari, maana daktari alisema atatembea, wala hakusema atatembea hivyo.

Ndege ya kwanza ilichelewa, kwa hiyo ya pili ilituacha. Tukawekwa kwenye uwanja mkubwa wa katikati tukingoja nyingine. Kabla ya kupita upande wa pili ikabidi tukaguliwe tena, na Mama alikuwa amejaziwa thamosi yake Maskati na mtu wa mkahawa aliyemwonea huruma. Askari wa ukaguzi akaonyesha pipa: mwaga.

"Kahawa yenye hiliki?" Mama akaniuliza. "Mwambie kahawa haimwagwi, inanywewa."

Akatoka kwenye mstari, akakaa kwenye benchi, akatoa vifinjani kwenye mkoba akaanza kuwagawia waliokuwa wanangoja. Palikuwa na mzee mmoja wa Kibulgaria, mwenye masharubu, aliyekaa jirani yetu. Akanywa, akarudisha kifinjani. Mama akakijaza. Akanywa, akarudisha. Mama akakijaza tena. Kwetu mgeni akitosheka hukitikisa kifinjani, na asipotikisa anaendelea kutiliwa. Mzee wa watu hakujua kutikisa, na Mama hakujua kuacha. Alikunywa mpaka macho yakamtoka, hataki kumvunjia mama mtu mzima adabu, na mwisho akaweka mkono kifuani akaniangalia mimi kama anayeomba kuokolewa. Nikamwonyesha namna ya kutikisa. Akatikisa kwa nguvu zote, na mstari mzima ukacheka. Thamosi ilikwisha bila tone kwenda pipani, na hata yule askari alionja.

Ndege tuliyopata mwisho ilikuwa na viti vya mbalimbali, Mama mbele, mimi nyuma karibu na choo. Aliniambia baadaye kuwa alilala vizuri. Mimi sikulala.

Malta, njia ya kwenda hotelini

Tulifika mchana, jua kali lakini la kiungwana, mwisho wa Septemba. Dereva wa teksi alikuwa baba mnene mwenye picha ya Bikira Maria kwenye kioo. Alipopakia masanduku akayahesabu kwa kidole: wahed, tnein, tlieta. Mama akasimama.

"Taal, njoo," akamwambia kwa Kiarabu. "Wewe Mwarabu wa wapi?"

Yule baba alielewa nusu, nusu nikamfasiria kwa Kiingereza. Akasema yeye si Mwarabu, yeye Mmalta, Mkatoliki, babu na babu.

"Mbona anahesabu kwa lugha yetu?"

"Anasema anahesabu kwa lugha yao."

Walibishana hivyo njia nzima, kwa furaha, kila mmoja akimtajia mwenzake neno aone kama analo. Mkate, maji, bahari, mlango. Karibu yote walikuwa nayo wote wawili. Akatusimamisha kwenye kibanda kando ya barabara, akatununulia vitumbua vya pembe nne vya moto, vimejazwa tende ndani na kukaangwa. Mama alitafuna, akafumba macho.

"Hawa watu wetu," akasema. "Tulipoteana tu."

Nikamkumbusha kuwa tumekuja huku kwa sababu hatuna watu.

Hoteli yetu ilikuwa Mellieha, juu ya kilima, na chini yake ghuba ya mchanga. Mama alisimama dirishani hata abaya hajavua. Maji yalikuwa ya buluu, yametulia, na watu wakitembea ndani yake mbali sana bila kuzama. "Kesho asubuhi, inshallah," akasema, kisha akaenda kutoa udhu.

Kwenye kifungua kinywa

Asubuhi Mama alishuka na nguo ya kuogelea tayari chini ya abaya. Mpango ulikuwa tule kidogo, twende. Tulikuwa tumesimama kwenye meza ya jibini, na Mama akaniuliza kwa Kiswahili kama ile ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Msichana aliyekuwa mbele yetu, mwenye mtandio, akageuka, uso umemchangamka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Mama akajibu.

Lilimtoka lenyewe. Hebu nyamaza uone kama unaweza, mtu mzima wetu akiamkiwa asiitike! Niliona uso wa Mama ukibadilika mara tu neno lilipokwisha toka, lakini khalas, tulikuwa tumekwisha jitangaza. Na sisi tukishajuana lugha hatuachani hivi hivi.

"Wa wapi mwanangu?"

"Wa Sur, Bibi."

"Wa nani Sur?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya mashine ya juisi.

"Zuwena? Subhanallah! Zuwena wa Ibra?"

Alikuwa Bi Rayya. Kwa wasiomjua: kaka yake Bi Rayya ndiye aliyemuoa Mama Mdogo Thuraya. Ni mama mcheshi, mkarimu, roho yake nyeupe, lakini jambo likimfikia Alasiri, Magharibi Sur nzima inalo. Katika watu wote wa Sur ambao Mama alikuwa anawakimbia, kama angeambiwa achague mmoja, angemchagua huyu. Walikumbatiana, wakaulizana habari za nyumba mbili kwa majina, na mimi nikabaki na sahani mkononi.

"Imekuwaje mkaja Malta?" nikauliza mwishowe.

"Si wewe!" Bi Rayya akanicheka. "Si wewe uliyempigia Thuraya kumuuliza kama kuna mtu wetu aliyepata kwenda Malta? Thuraya akaniuliza mie. Mie nikamuuliza Wafaa, huyu binti yangu. Wafaa akatazama picha kwenye simu, akasema, Mama, pazuri, yallah twende. Wallahi tunakuombea dua, Asya."

Mama aliniangalia.

Siku za kualikana

Safari yetu ilikuwa fupi, na sehemu yake kubwa iliishia kwenye meza. Bi Rayya alitualika chakula cha mchana siku ileile. Sisi tukawaalika kesho yake, maana haiwezekani kula cha mtu ukakaa kimya. Wao wakasema basi kahawa kwao. Sisi tukatoa halua ya Nasor. Wao wakatoa papa mkavu wa Sur waliyemficha kwenye sanduku, na ghorofa nzima ikajua. Tulikwenda Valletta pamoja, tukaangalia kuta pamoja, tukapiga picha pamoja. Kwenye mkahawa mmoja mwenye mkahawa alituletea sungura wa mchuzi, akijisifu kuwa ndicho chakula cha kwao. Tukamweleza habari ya uchinjaji. Yeye akadhani tunamwonea huruma sungura, akaenda akarudi na kuku, akatuapia kuwa kuku huyu hakuteseka. Tukala viazi.

Kila siku Mama alivaa ile nguo chini ya abaya akitumaini patapatikana nafasi, na kila siku alirudi nayo kavu, amelowa jasho. Nilijaribu hila zote. Nilimwambia Wafaa kuna maduka mazuri mji wa mbali. Bi Rayya akasema maduka hayana raha bila Zuwena. Nilisema Mama amechoka anataka kulala. Bi Rayya akaja kumkalia kitako kitandani amchangamshe. Ghuba iko pale chini, tunaiona kutoka kila dirisha, na Mama alikuwa akizungumza na watu huku macho yako kule. Siku ya kabla ya kuondoka nilimkuta amekaa peke yake, nikamwomba radhi.

"Si kosa lako," akasema. "Basi haikuandikwa."

Niliumia kuliko kama angenigombeza.

Mellieha, ufukweni

Siku ya mwisho ndege yetu ilikuwa jioni, na Bi Rayya ndiye aliyetoa shauri twende tukae pwani na kahawa, tuagane vizuri. Tukakodi viti na mwavuli, watu wanne, wanawake watatu wenye abaya na Wafaa na koti lake refu. Watalii waliokuwa nusu uchi walitutazama sisi kwa mshangao. Kahawa ikamiminwa. Bi Rayya alikuwa katikati ya kisa kirefu cha harusi moja ya Sur.

Mama akanywa. Akatikisa kifinjani, akampa Wafaa. Akasimama, akavua abaya, akaikunja vizuri.

"Rayya, nishikie."

"Unakwenda wapi?"

"Baharini."

Bi Rayya akaipokea abaya. Mimi nilisimama, najua Nasor kaniambia nini Bidbid na najua ninafanya nini. Mama alikuwa anashuka kwenye mchanga na ile nguo yake nyeusi, kanga amejifunga kiunoni, hatua ya goti zima na hatua ya goti bovu. Maji pale hayana kina, hayapandi haraka. Alitembea, yakamfika kwenye kifundo. Akatembea, yakafika magotini. Watu walikuwa wanampisha. Nilimfuata mpaka maji yakalowesha abaya yangu nikasimama, maana mimi sijui kuogelea, hakuna mtoto hata mmoja kwetu anayejua. Yalipomfika kifuani akageuka akanitazama. Niliona anaogopa. Kisha akanyoosha mikono mbele, akalala juu ya maji, akaenda.

Jamani, niwaambieni nini? Alikwenda! Mkono mmoja, mkono mwengine, uso unaingia na kutoka, bila kurusha maji, bila kelele, kama vile miaka yote ile alikuwa akifanya hivyo kila siku na sisi ndio hatukutazama. Goti lile lililokuwa linamtesa ngazini halikuonekana kabisa. Alipita watoto, alipita mlinzi wa pwani kwenye ubao wake, akafika mbali, akageuka chali akatulia. Nilikuwa nalia peke yangu ndani ya maji na viatu mkononi. Nimewahi kujivunia shahada yangu, kazi yangu, watoto wangu, lakini kujivunia mtu namna ile sikuwahi. Nilitaka kumshika kila Mzungu aliyekuwa pale nimwambie: yule ni mama yangu mie.

Nilipogeuka nikamwona Bi Rayya amesimama ukingoni, simu ameinyanyua. Damu ilinipanda. Nikatoka majini nikimwendea, tayari kusema maneno ambayo yasingerudi. Lakini Mama naye alikuwa anarudi, akatufikia akihema na kucheka, na Bi Rayya akaenda kumtupia abaya mabegani kabla yangu.

"Zuwena, nimekuchukua video," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijampelekea mtu. Ukitaka naifuta sasa hivi mbele yako, na wallahi sitofungua mdomo wangu Sur maisha."

Mama akaichukua simu, maji yanamchuruzika juu ya kioo, akatazama. Akarudia tena.

"Usifute. Mpelekee Asya," akasema. "Na wewe Asya, mtumie Nasor."

"Mama!"

"Mtumie. Asisikie kwa watu. Aone kwa mama yake."

Nikatuma. Muda si muda zikatokea tiki mbili za buluu, ameiona. Tukangoja. Hakuandika kitu.

Kurudi

Nasor ni mtu wa kujibu. Ukimtumia picha ya sahani ya wali atakuuliza nani kapika. Kwenye uwanja wa Malta hakujibu. Kwenye kubadilisha ndege Mama aliniomba simu, akaangalia, akanirudishia. Safari hii alikaa kwenye kiti cha magurudumu bila kubishana, mikono mapajani.

"Nimemuaibisha mwanangu," akasema. "Raha yangu nimeipata, lakini nimemuaibisha."

"Mama, hujafanya kosa."

"Najua sikufanya kosa. Lakini yeye ndiye mwenye kukaa na watu."

Njiani alikula kidogo sana. Nilimtia moyo kwa maneno mengi, na mwenyewe moyoni nilikuwa natunga nitakachomjibu Nasor akianza kunipayukia.

Tulipotoka Maskati alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imenyooka, kilemba. Akambusu Mama mkono, akambusu kichwa, akachukua masanduku. Mimi akanipa salamu ya mkono mmoja. Njia nzima hakusema kitu zaidi ya kuuliza kama kiyoyozi kinampiga Mama. Tulipofika Bidbid akaingia pale pale kwenye kituo cha petroli, akaagiza karak, akazima gari.

"Mama, ile video," akasema.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimeipeleka kwenye kundi la ukoo."

Mimi nilimwagikiwa na chai. Ndiyo, nyie mliokuwa mnamlaumu Bi Rayya, mwombeni radhi. Mmeipata kwa Nasor.

"Na ofisini nikawaonyesha wenzangu wawili kwenye simu yangu. Nikawaambia, huyu mama yangu." Alikuwa anaangalia usukani. "Nilikuwa nataka kukujibu, Mama. Kila nikiandika nafuta. Kwa nini hukunifundisha?"

Mama akamgeukia.

"Utotoni wenzangu wote wakienda kwenye mabwawa ya wadi wakiruka majini, mie nakaa juu ya jiwe nawashikia nguo. Nikisema sikio linaniuma. Mpaka leo, Mama, maji yakinipita kiuno natetemeka. Mnadhani nawakataza kwa ajili ya watu? Naogopa. Na wewe miaka yote hii unajua kuogelea."

"Hukupata kuniambia kama unaogopa," Mama akasema.

"Na wewe hukupata kuniambia kama unajua."

Mama aliweka gilasi yake ya chai, akamshika bega.

"Ijumaa mapema twende wadini. Ulale kwetu Alhamisi."

Wadi Bani Khalid

Ijumaa tulifika wadini kabla ya watalii, sisi watatu tu. Kuna pahala ukipanda kidogo kupita mabwawa makubwa, maji yamejificha baina ya majabali, kijani, yametulia. Mama alitangulia kuingia. Nasor alivua kanzu akabaki na fulana na kikoi, tumbo mbele, akashuka akishika jiwe kwa mikono miwili. Mtu ambaye Nizwa watu husimama anapoingia ofisini! Maji yalipomfika kiuno akakwama, midomo imekuwa myeupe.

"Lala," Mama akasema.

"Nitazama."

"Lala chali, Nasor. Kichwa hapa, mgongo hapa. Mie nimesimama."

Alichukua muda. Aliachia jiwe kidole kimoja kimoja, akafumba macho, akajiachia nyuma, na Mama akampokea, mkono mmoja chini ya shingo na mmoja chini ya mgongo. Alikakamaa mwanzo. Kisha nikaona mabega yanalegea, na miguu yake ikapanda yenyewe, vidole vikatokeza juu ya maji. Machozi yalikuwa yanamteremka pembeni yakienda masikioni, na hakuyafuta.

Mama alimtazama usoni.

"Ushakuwa mzito," akamwambia. "Lakini bado nakuweza."